"Sijamwona jana" haisemeki: jibu kwa kijana wa Shela kuhusu nyakati za Kiingereza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Shela, Lamu, niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni, mwaka wa tatu sasa. Kiingereza cha kuzungumza nakipata, ila cha kuandika kinaniumbua. Juzi nilimwandikia mgeni hivi: "I have sent the receipt on Monday. If you arrive at Manda, our captain will wait for you. You must not pay the boat." Mgeni akarudisha maswali mawili: kwani mna wasiwasi kwamba sitafika? Na mbona ni marufuku kumlipa nahodha? Meneja alipousoma ujumbe akasema hata sentensi ya kwanza ina kosa. Jedwali la nyakati 12 nimelikariri tangu shule ya msingi na bado sioni nilipoteleza. Nisaidie, pamoja na hizo can, could, must na should.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na la kwanza nataka ulijue ni kwamba makosa yako matatu hayana undugu. La kwanza ni la wakati wa kitenzi. La pili limetoka kwenye kiambishi chetu kidogo cha -ki-. La tatu limetoka kwenye neno "lazima". Lile la meneja ni mkwaruzo tu, mgeni alielewa. Haya mawili mengine ndiyo yaliyomtia shaka kabla hajapanda ndege, na jedwali lako halina mahali pa kuyaonyesha.

Nimefundisha Kiingereza Malindi na sasa nafundisha hapa Lamu, na kila mwaka nakutana na wanafunzi walioambiwa "ukiandika Kiingereza, sahau Kiswahili." Hakuna anayeweza kusahau lugha aliyonyonya. Mimi nakutaka ufanye kinyume: kiulize Kiswahili chako swali linalofaa, kwa sababu tofauti nyingi zinazokusumbua tayari unazo mdomoni.

Tuanze na risiti. Sisi husema bila wasiwasi "nimeituma Jumatatu" au "amefika jana usiku", wala hashtuki mtu. Kiambishi -me- katika mazungumzo yetu kimelegea, kinakubali kuketi na jana, juzi na mwaka jana. "Have" ya Kiingereza haikubali. Ukiitajia siku iliyokwisha, inagoma.

Sasa chukua sentensi hiyohiyo uikanushe. Sema kwa sauti: "Sijaituma Jumatatu." Umesikia? Sikio lako limekataa lenyewe, bila mwalimu. Utasema "sikuituma Jumatatu". Vivyo hivyo "sijamwona jana" haisemeki, ni "sikumwona jana". Lakini "sijamwona wiki hii", "sijamwona tangu Ijumaa" na "sijamwona bado" zote zimenyooka. Sija- hutazama kutoka huko nyuma mpaka dakika hii tunayozungumza, na mlango bado uko wazi: huenda nikamwona. Siku- hufunga mlango wa siku ile na kuondoka. Tofauti iliyopo kati ya sija- na siku- ndiyo hasa iliyopo kati ya "I have sent" na "I sent". Katika kukubali tumeilegeza, katika kukanusha tumeishika kama nanga.

Kwa hiyo, kabla hujaandika, kanusha kimoyomoyo. Ikitoka sija-, andika "have" na umbo la tatu la kitenzi. Ikitoka siku-, andika wakati uliopita wa kawaida. "Mgeni wa chumba cha juu amelipa?" Hajalipa. Basi: "Has the guest upstairs paid?" "Alilipa asubuhi?" Hakulipa asubuhi. Basi: "Did he pay this morning?" Na swali lolote lenye "lini" au "saa ngapi" kuhusu jambo lililokwisha huenda na "did", kwa sababu ukishauliza lini umeshaufunga mlango. Baada ya "did" kitenzi kinavuliwa nguo zote za wakati: "Did you see", si "Did you saw". "Did" imeshaubeba wakati peke yake, kama vile kwenye "hakuona" hatuongezi tena -li-.

Jambo moja la kukuepusha na mabishano: mgeni kutoka Marekani anaweza kukuandikia "Did you get my message yet?" pale ambapo Mwingereza angeandika "Have you got my message yet?" Wote wako sawa, kila mmoja na desturi ya kwao. Ila "I have sent it on Monday" hutaisikia kwa yeyote kati yao.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu -me- ina sura ya pili, na hiyo ndiyo inayowaangusha hata walimu. Mwanafunzi wangu mmoja alipewa kazi ya kueleza anachokiona akiwa kwenye ukingo wa bahari, karibu na jeti ya Lamu, saa za mchana. Alikuwa na jicho zuri. Alichokiona, kwa Kiswahili, ni hiki: maji yamejaa, mashua zimefungwa, mzee ameketi kwenye baraza, punda amelala kivulini, nahodha amevaa kikoi. Kwenye daftari akaandika: "The old man has sat. The donkey has slept. The captain has worn a kikoi." Kila kitenzi kilipewa "have" yake, na kila kimoja kilienda upande.

Angalia kile -me- inachofanya hapo. "Punda amelala" haitoi habari kwamba punda alipata usingizi na sasa kaamka. Inaeleza hali aliyo nayo sasa hivi. Kiingereza hali ya sasa huieleza kwa "is" na "are": "The tide is in. The boats are tied up. The old man is sitting outside. The donkey is asleep. The captain is wearing a kikoi." Swali la kujiuliza ni jepesi: je, yuko hivyo sasa hivi? Kama ndiyo, jaribu "is" kwanza. Nimechoka, "I am tired". Nimeshiba, "I am full". Nimechelewa, "I am late". Nimepotea, "I am lost". Duka limefungwa, "The shop is closed". Nyumba imejaa, "We are full", na hii kwenye kazi yako utaiandika sana mwezi wa Desemba, inshallah. Ila "nimeelewa" inatoka nje ya mstari, huwa "I understand" bila "am".

Kiambishi -na- kina kazi mbili kwetu, nacho kwa Kiingereza kinagawanyika. "Anapika" ya sasa hivi jikoni ni "She is cooking". "Anapika" ya kila siku, ndiyo kazi yake, ni "She cooks". Vitenzi vya moyoni na vya umiliki havipendi -ing kabisa: najua ni "I know", si "I am knowing", nina boti ni "I have a boat", si "I am having a boat". Ingawa "I am having lunch" ni sahihi, maana hapo "have" ni kula.

Halafu kuna "tangu". Umeniambia uko mapokezi mwaka wa tatu sasa. Ukimwandikia mgeni, wengi wenu huandika "I am working here for three years", kwa sababu Kiswahili kinasema "nafanya kazi hapa tangu mwaka fulani" na -na- yake. Kiingereza kinataka "I have been working here for three years". Kila jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, ukitaja muda wake, hudai "have", mara nyingi "have been". Mlango uko wazi, unaona? Ni ileile.

Na hu-. "Mimi huamka saa 11 alfajiri." Pwani nzima nasikia "I use to wake up at five". Sivyo. Mazoea ya sasa ni "I wake up at five" au "I usually wake up at five". "Used to", yenye d yake, ni ya mazoea yaliyokwisha: nilikuwa nikivua samaki, sasa nimeacha, "I used to fish". Ukimwambia mgeni "We used to serve breakfast on the roof", atadhani kifungua kinywa cha darini kimefutwa.

Sasa tuje kwa Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege. "Ukifika Manda, nahodha wetu atakungoja." Kwa Kiswahili sentensi hii haina kasoro, ina hata upole. Tatizo ni kwamba -ki- yetu imebeba maana mbili kwenye kikapu kimoja: kama utafika, na wakati utakapofika. Msikilizaji wetu huchagua mwenyewe bila hata kufikiri. Kiingereza kimevitenga: "if" ni ya shaka, "when" ni ya uhakika. Mtu amekata tiketi, amelipa chumba, amepanga likizo yake mwaka mzima, kisha unamwandikia "If you arrive." Ndiyo maana akauliza kama mna wasiwasi. Kila ukitaka kuandika "if", badilisha -ki- yako kuwa -takapo-. Kama "utakapofika" inakaa vizuri, andika "when".

Ila chunga mtego ulio ndani ya "utakapofika". Sisi tunatia -ta- huko ndani, Kiingereza hakitii "will". Ni "When you arrive, he will meet you." "When you will arrive" ni Kiswahili kilichovaa suti.

Kuhusu -nge- sitakaa sana. "Ningekuwa na chumba ningekupa" ni "If I had a room, I would give it to you." Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, Kiingereza kinaweka "would" upande mmoja tu, upande wa matokeo. Na "ningalijua ningalikuja" ni "If I had known, I would have come." Basi.

Tumefika kwenye vile visaidizi. Viko vichache: can, could, may, might, will, would, shall, should, must. Umbo lao halikusumbui sana, nimeona. Kumbuka tu kwamba havichukui -s wala havifuatwi na "to". "He can swim", si "He cans" wala "He can to swim". Kinachokusumbua ni uzito wake kwenye sikio la mwenzako.

"You must not pay the boat." Ulitaka kusema: si lazima ulipe boti, imeshahesabiwa. Umechukua "lazima" ukaipa "must", ukachukua "si" ukaipa "not", na hesabu ikaonekana imetimia. Lakini "not" ya Kiingereza hapo haikanushi ule ulazima, inakanusha tendo lenyewe: lazima usilipe. Ni marufuku. Mgeni hakukosea kuuliza. "Si lazima" ni "You don't have to". "Usithubutu" ni "You mustn't". Andika mistari hiyo miwili kwenye karatasi uibandike karibu na kompyuta ya mapokezi, maana mkanganyiko huu unaweza kuwa wa hatari: mtu anayetaka kusema "You mustn't swim past the buoys" akaandika "You don't have to" amempa mgeni ruhusa ya kwenda. Na unalipia boti, hulilipi boti, kwa hiyo ni "pay for the boat".

"Must" bila "not" nayo ina nyuso tatu. Kwenye mwaliko ni tamu: "You must try the coconut rice" ni ukarimu mtupu, kama tunavyomwambia mtu "lazima uonje". Kwenye kanuni ni ngumu: "You must leave the room at ten" ni sauti ya askari. Kwa kanuni za nyumba sema "Check-out is at ten" na uache saa iseme yenyewe, au "We'd ask you to leave the room by ten". Uso wake wa tatu ni wa kukisia. Nahodha hapokei simu, lazima yuko baharini: "He must be out at sea." Hapo hakuna amri yoyote. Na jana? "Must" haina umbo lake la zamani la kuamrisha, huazima "had to": "We had to wait for the tide."

Na "afadhali" usiitafsiri kuwa "You had better". Najua kamusi inasema hivyo. "You had better pay today" humfikia mgeni kama onyo, kwamba asipolipa kitatokea kitu. Ushauri wa upole ni "should": "You should bring a hat." Hiyohiyo "should" hubeba matarajio pia: "The captain should be there by two", yaani kwa kawaida atakuwa amefika, ila sikuapii.

"Kuweza" inagawanyika, na kwa watu wa bahari kama sisi mgawanyiko huu una maana. "Mwezi wa Juni, kusi likivuma, bahari inaweza kuchafuka." Hiyo ni tabia ya bahari, kwa hiyo "can": "The sea can be rough in June." "Kesho bahari inaweza kuchafuka." Hii ni kukisia siku moja, kwa hiyo "may" au "might": "The sea might be rough tomorrow." Jiulize kama ungeweza kuweka "huenda" mahali pa "inaweza". Huenda ikikubali, "can" haifai. Pia "niliweza" ya tukio moja usiipe "could". "Kwa bahati niliweza kupata boti ya mwisho ya Mokowe" ni "Luckily I managed to catch the last boat", au "was able to". "Could" ya zamani ni ya uwezo wa kudumu: "My grandfather could read the stars."

Sasa adabu, nami hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kosa la adabu mgeni hatakusahihisha, atakuona tu huna heshima. Kitenzi cha Kiingereza chenyewe kina nyakati mbili tu za umbo, ya sasa na iliyopita: send, sent. Wakati ujao hutengenezwa kwa kuazima "will". Visaidizi navyo vilikuwa na jozi hivyohivyo: can na could, will na would, may na might, shall na should. La pili katika kila jozi ni umbo la zamani. Kwa karne nyingi Waingereza wamekuwa wakilitumia umbo la zamani kurudi nyuma hatua moja mbele ya mtu, wampe nafasi ya kukataa. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Jirani akibisha hodi hasemi "nataka ngazi yako". Husema "nilikuwa nataka kukuomba ngazi", na bado anaitaka, yuko mlangoni. Au "ningependa kukuomba". Huo umbali wa -li- na -nge- ndio umbali wa could na would.

Kwa hiyo "naomba pasipoti yako" usiifanye "I am asking for your passport", ambayo ni sauti ya kituo cha polisi. Ni "Could I see your passport, please?" "Nataka kujua" ni "I would like to know." "Mnataka chakula cha jioni?" ni "Would you like dinner?" Na ile -e yetu ya kuomba rai, nikuletee chai?, nije saa ngapi?, kwa Kiingereza ni "Shall I bring you some tea?" na "What time should I come?" Wamarekani "shall" hawaitumii sana, wao utawasikia na "Would you like me to bring you some tea?" Itumie hiyo kwa wote, haimkwazi yeyote.

Ujumbe wako ningeuandika hivi: "I sent you the receipt on Monday. When you arrive at Manda, our captain will be waiting for you at the jetty. You don't have to pay for the boat. It is included. Could you let us know what time you land? If the flight is late, he will wait."

Hiyo "if" ya mwisho nimeiweka makusudi. Kufika kwa mgeni hakuna shaka, kuchelewa kwa ndege kuna shaka, na hapo "if" iko nyumbani kwake. Akikujibu kwamba anatua "at two", mwambie nahodha saa 8.